Mkalimani wa lugha ya alama darasani: unalipia nini hasa, na wapi hela inapotea

Watu wanatoa rivyu za simu, za majiko ya gesi, za saluni, mi leo natoa rivyu ya kitu ambacho wazazi wengi wa watoto viziwi wanaambiwa wakilipie bila mtu kuwaeleza kinafanyaje kazi. Naongelea mkalimani wa lugha ya alama anayekaa darasani kwenye sekondari ya kawaida, ile yenye wanaosikia wengi na viziwi wachache wamekaa mbele. Hii kazi naifanya, na kwetu pia tumekuwa wateja maana mdogo wangu wa mwisho ni kiziwi na mzee alishatoa hela mfukoni kumlipa mkalimani, kwa hiyo naijua kwa anayelipa na kwa anayelipwa. Nyota nakupa kabisa, tatu na nusu kati ya tano. Ingefika nne na zaidi kama wanaoinunua wangejua wananunua nini.

Kwanza huyu mtu hafundishi. Naanzia hapo maana malalamiko mengi yanatoka hapo, mzazi anakuja kwenye kikao cha wazazi ameshika matokeo ya mtoto, hesabu kuna F, anakufuata wewe, "mwalimu mbona mwanangu humfundishi vizuri?" na mwalimu wa hesabu mwenyewe yuko pale pembeni anakunywa soda yake hana habari. Kazi ya mkalimani ni kwamba mwalimu akisema kwa sauti yeye anaweka kwa alama, na kiziwi akisema kwa alama yeye anatoa kwa sauti, basi. Mwalimu akifundisha vizuri kiziwi anapata somo zuri, akifundisha hovyo kiziwi anapata hovyo hiyo hiyo tena yote bila kupunguzwa. Akitania darasa, utani nao unapita. Akimsema vibaya mwanafunzi wa nyuma, nayo inapita, maana wenzake wamesikia na yeye ana haki ya kujua kinachoendelea. Kuna walimu hilo hawalipendi kabisa, "hiyo usimwambie". Samahani mwalimu, ambalo hutaki alijue usiliseme mbele ya darasa.

Ile nusu ya pili, ya kutoa alama kwa sauti, ndo watu wanaisahau na ndo inayonionyesha mkalimani yupi ni wa kweli. Wako wengi wamehudhuria mafunzo mafupi, wanarusha mikono vizuri tu, ukimwangalia unasema huyu yuko fiti, ila kiziwi akinyoosha mkono aulize swali anabaki anatabasamu na kutikisa kichwa, hajaelewa kitu. Darasa likiwa hivyo viziwi wanaacha kuuliza mwezi wa kwanza tu, na mwalimu anaandika kwenye ripoti "wapole, hawasumbui". Hawasumbui wapi, hawana wa kuwasemea!

Sasa inafanyaje kazi somo kwa somo, maana haiko sawa kote.

Historia ni tamu. Sijui kwa nini watu hawalisemi hili, lugha ya alama inabeba hadithi kuliko mdomo. Mwalimu anaeleza Vita vya Majimaji, 1905 mpaka 1907, kwa alama unaweka Wajerumani upande huu wa mwili wako na watu wa kusini upande ule, Kinjikitile unampa sehemu yake Ngarambe, yale maji ya dawa yanayosemwa yatageuza risasi kuwa maji yanapita kutoka mkono mmoja kwenda kichwani kwa mwingine, halafu zile risasi zinakuja na hazigeuki, na uso wako unabadilika hapo hapo. Wanaosikia wanaandika notisi huku wanasinzia, viziwi macho yamewatoka. Mwalimu akiuliza kwa nini watu wa makabila tofauti waliungana, anayejibu kwa kirefu ni kiziwi, kwa sababu ameiona. Historia na uraia nyota tano, kama mkalimani ana mikono na uso, siyo mikono tu. Uso siyo mapambo jamani, nyusi zikipanda hilo ni swali, mkalimani mwenye uso kama wa picha ya kitambulisho anakupa sentensi nusu.

Hesabu inaenda ila mwalimu ndo anaiharibu. "Hii ukiitoa hapa ukaipeleka kule inakuwa hivi, si mnaona?" Hii ipi, kule wapi? Wanaosikia wanafuata chaki yake kwa macho huku masikio yanafanya kazi nyingine. Kiziwi macho ndo hayo hayo mawili, akiangalia ubao kakosa mikono, akiangalia mikono kakosa chaki. Na mkalimani siku zote yuko nyuma ya mwalimu kidogo, sentensi moja hivi, lazima asikie maana ndo aiweke, kwa hiyo anapoonyesha "hii" mwalimu kashafuta. Dawa ni rahisi na haina gharama, mwalimu aandike, ageuke, asubiri, ndo aongee. Niliwahi kufanya na mwalimu mmoja wa hesabu aliyekuwa akimaliza mstari anaweka chaki mezani kabisa kabla ya kufungua mdomo, na si viziwi tu, hata wale wazito wa nyuma walianza kupata C. Lakini mkuu wa shule akishakodi mkalimani anaona kamaliza, mwalimu habadilishi hata kitu kimoja.

Sayansi ndo pagumu. Na hapa lazima nieleze suala la lugha maana ndo moyo wa tatizo lote. Mtoto kiziwi wa Tanzania msingi kasoma kwa Kiswahili, yaani kusoma na kuandika ni Kiswahili, na hata akitumia alama midomo yake inatamka maneno ya Kiswahili. Kidato cha kwanza anafika karibu kila kitu ni Kiingereza. Kwa anayesikia angalau mwalimu anachanganya, anasema kwa Kiingereza anarudia kwa Kiswahili cha mtaani, mambo yanaenda. Mkalimani yeye anapokea mchanganyiko huo, anauweka kwenye lugha ya alama ambayo ina sarufi yake siyo ya Kiswahili wala ya Kiingereza, mtoto anaelewa vizuri kabisa kwamba jani linachukua mwanga wa jua na maji na hewa linatengeneza chakula, anaweza kukueleza mpaka ufurahi. Halafu mtihani unamtaka aandike photosynthesis, herufi kumi na nne, kwa spelingi sahihi, ndani ya sentensi ya Kiingereza. Anaandika mpangilio wa alama zake kwa maneno ya Kiingereza anayoyakumbuka, na msahihishaji anaona mtoto hajui kitu.

Kwa hiyo mkalimani mzuri wa sayansi anafanya kazi mbili kwa mkupuo, anatoa maana kwa alama halafu anaspeli neno lenyewe kwa vidole, kila mara, mpaka lizoeleke. Maneno mengi hayana alama, hivyo anakaa na wanafunzi wanakubaliana alama ya muda ya humo darasani, hii itakuwa seli, hii itakuwa ukuta wa seli, na lazima kuwe na daftari la kuziandika maana mkalimani akibadilishwa kila kitu kinaanza upya. Shule ngapi zina hilo daftari? Na ukumbuke wale watoto wenyewe hawatoki sehemu moja. Shule ya viziwi ya kwanza nchini ni ya Tabora, 1963, Buguruni ikaja 1974, kuna Mwanga, kuna Njombe, na nyingine, na kila shule watoto wamekulia na alama zao kwa vitu vingine. Wa Tabora na wa Buguruni wanaelewana, ila wiki za mwanzo kuna kucheka sana na kusahihishana. Mkalimani anayejua alama za sehemu moja tu na kung'ang'ania kwamba zake ndo sahihi, huyo mrudishe alikotoka. Sayansi naipa nyota mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya wale wakalimani wanaosoma kitabu cha somo usiku kabla ya kipindi.

Kiswahili bwana. Kila mtu anadhani Kiswahili ndo rahisi kwa sababu ni chetu. Ngeli nazo unazipelekaje kwenye alama? Kiti hiki, viti hivi, jiwe hili, mawe haya, kwa alama ni kitu kimoja na kidole kinachoonyesha. Mtoto hajawahi kusikia mtu akikosea "kiti hii" akachekwa, ambavyo ndo sisi wote tulijifunza ngeli, yeye anazikariri kama jedwali la kemia. Halafu unafika kwenye ushairi. Shairi la kimapokeo, ubeti mishororo minne, mizani kumi na sita kila mshororo, nane kwa nane, vina vya kati na vina vya mwisho. Mwalimu anaghani kabisa, na wengine wana sauti nzuri! Darasa linaitikia. Mkalimani hapo afanye nini? Ukitoa maana tu umeua shairi, na swali la mtihani haliulizi maana peke yake, linauliza vina. Mi nafanya hivi, maana natoa kwanza kwa alama, halafu mizani nagonga kwa vidole juu ya kiganja moja moja mpaka nane, napumzika, nane nyingine, na silabi ya kina naispeli kwa vidole pale pale inapoangukia. Mara ya tatu ya nne wanaanza kugonga wenyewe juu ya dawati, na wanaosikia wanawaiga. Lakini inakula muda, na mwalimu asipokubali kusimama mshororo mmoja mmoja haiwezekani, tutabaki na "shairi linahusu umoja". Matamshi na mambo ya kiimbo kwenye Kiingereza sitaki hata kuyagusa, hapo mtoto apewe kazi nyingine ya maana.

Notisi. Jamani notisi! Hii ndo kero namba moja na haina uhusiano wowote na ubora wa mkalimani. Walimu wetu wengi wanafundisha kwa kusoma notisi wanafunzi waandike. Huwezi kuandika ukiwa unaangalia mikono, huwezi, hakuna binadamu anayeweza. Kwa hiyo kiziwi anachagua, aelewe au aandike. Wengi wanachagua kuelewa, jioni wanazunguka bweni zima kuomba madaftari, na wenye madaftari nao wanayataka muda huo huo wa prepo. Shule moja niliyofanya kazi, siitaji, ilikuwa inatoa adhabu kwa ambao daftari halijajaa, viziwi wakiwemo, na mi nimesimama pale nakalimani adhabu. Ukitaka huduma yako iendane na hela uliyotoa, dai kitu kimoja kabla ya kusaini chochote, kwamba mwalimu atatoa notisi zake zikatolewe kopi, au mwenzake anayekaa jirani aandike na karatasi ya kaboni chini. Karatasi ya kaboni ile ya risiti, bei yake hata haisemeki. Inabadilisha muhula mzima.

Uchovu nao ni sehemu ya bidhaa, niuseme kama ulivyo. Kwa kawaida ya hii kazi wakalimani wanakaa wawili na wanapokezana kila dakika ishirini mpaka thelathini, kwa sababu kichwa kinachoka kabla ya mikono, na ukichoka hujijui, unaanza kudondosha vitu, mwanzo mifano, halafu takwimu, halafu sentensi nzima, na mtoto hawezi kujua nini kimedondoka. Kipindi ni dakika arobaini, vya pamoja ni themanini, na shule inakodi mtu mmoja kuanzia asubuhi mpaka saa nane. Huyo wa kipindi cha sita siyo yule wa kipindi cha kwanza hata kama sura ni ile ile. Mabega, viganja, shingo, wenzangu kadhaa wameacha kazi kwa sababu ya viganja. Na macho ya wanafunzi pia yanachoka, anayesikia akitazama nje dirishani bado anasikia, kiziwi akifumba macho somo limezimika. Kwa hiyo kama hela inatosha mkalimani mmoja tu, usimnunue siku nzima. Mnunue masomo yale yanayofundishwa kwa maneno mengi, yaweke asubuhi, na kule mchana kwenye mazoezi ya kuandika mwache apumzike. Ongea na mtaaluma apange ratiba hivyo, inawezekana.

Sasa niseme lile ambalo wazazi hawapendi kulisikia, na ndo sababu hasa nimekaa kuandika haya yote. Mkalimani hampi mtoto lugha. Anachukua kilichosemwa na kukiweka kwenye lugha ambayo mtoto tayari anayo. Kama hana, hakuna kinachotokea. Watoto viziwi walio wengi wamezaliwa na wazazi wanaosikia, nyumbani hakuna anayejua lugha ya alama, mtoto anakua na alama za nyumbani tu, kula, lala, njoo, baba yule mwenye kipara, dukani. Anapelekwa shule ya msingi ya kijijini anakaa nyuma miaka saba anakopi ubaoni kwa mwandiko mzuri sana, unaona daftari unasema huyu mtoto ana akili, na ni kweli ana akili, lakini hajui anachokopi. Kwa bahati anafika kidato cha kwanza, shule inasema mzazi changia mkalimani, mzazi anauza mbuzi. Mkalimani anasimama mbele ya huyo mtoto anatoa alama safi kabisa na mtoto anamwangalia kama TV iliyokatwa sauti. Nimesimama mbele ya mtoto wa hivyo. Kila siku unapokea hela ya mzazi na kila siku unajua.

Kwa mtoto huyo nyota ni sifuri na wala siyo kosa la huduma. Hela hiyo hiyo ipeleke kwingine, mtoto akae na viziwi wenzake kwanza, kwenye shule ya viziwi au yenye kitengo cha viziwi, apate watu wazima viziwi wa kuongea nao, na nyie nyumbani mtafute kiziwi mwalimu aje awafundishe familia nzima, siyo mama peke yake. Mdogo wangu alipata lugha bwenini kwa watoto wenzake siyo kwa walimu, alirudi likizo ya kwanza mikono haitulii, anatuuliza maswali ambayo hatukuwahi kujua anayo kichwani, kwa nini babu haji tena, kwa nini kanisani watu wanafumbua midomo wote kwa pamoja. Mzee alitoka nje akajifanya anaangalia kuku. Baada ya hapo ndo mkalimani wa sekondari alikuja kuwa na maana.

Unampimaje mkalimani kabla hujamlipa? Usimuulize mkuu wa shule, hajui. Usiangalie cheti peke yake. Tafuta kiziwi mtu mzima, wapo, chama chao cha CHAVITA kipo tangu miaka ya 1980 na kina matawi mikoani, mwombe akae na huyo mkalimani nusu saa wapige stori, halafu kiziwi aeleze kitu kirefu kidogo, mfano alivyosafiri kutoka Mbeya mpaka Dar, na mkalimani akutafsirie wewe kwa sauti. Ukimaliza muulize kiziwi maswali mawili matatu kuhakikisha. Kama stori haifanani, asante kwa kuja. Angalia pia kama anaweka alama moja kwa kila neno la Kiswahili kwa mpangilio wa Kiswahili, huyo anakupa Kiswahili cha mikono, kwa wanafunzi wengi hakieleweki vizuri kwenye maelezo marefu. Nguo iwe rangi moja isiyofanana na ngozi yake, mikono ionekane. Mwenzangu mmoja aliwahi kurudi kutoka harusini Tanga na hina mpaka kwenye viwiko, nzuri mno, wiki hiyo wanafunzi wote walikuwa wanasoma maua. Na asimame karibu na mwalimu, mwanga uwe mbele yake siyo dirisha mgongoni, maana dirisha likiwa nyuma yake ni kivuli kinachopunga mikono.

Kingine mpime mdomo wake. Mkalimani anaingia kila mahali, anajua nani kafeli, nani kaitwa kwa mwalimu wa malezi, nani anaumwa nini. Akianza kukuhadithia ya watoto wengine kwenye hiyo intavyuu ya kwanza, jua na ya wako yatahadithiwa. Na suala la jinsia lipangwe, msichana akitaka kuongea na matroni mambo yake hataki kijana wa kiume akalimani hapo katikati, shule nyingi hazifikirii mpaka siku imetokea, mtoto anaamua kukaa na maumivu yake.

Kuna pia haya yanayoitwa mbadala. Programu za simu zinazogeuza sauti kuwa maandishi nimezijaribu darasani, darasa la wanafunzi sabini na kitu, feni inapiga kelele, mwalimu anachanganya Kiingereza na Kiswahili ndani ya sentensi moja, kilichotoka kwenye skrini ni vichekesho. Kwa kiziwi aliyesoma vizuri na mwalimu mmoja mmoja ofisini inasaidia, darasani bado. Ukalimani kwa video nao ni mzuri kama mtandao ni mzuri, na unajua mwenyewe bando la shule lilivyo, picha ikiganda mkono uko juu hujui ni alama gani. Mashine za kusikia zinasaidia wenye usikivu uliobaki, ila hazimfanyi mtu aache kuhitaji kuona, na betri zikiisha katikati ya muhula ndo mwisho.

Ila kitu kimoja ambacho hakiuzwi na nakipa nyota tano bila kusita ni wanafunzi wanaosikia wenyewe kujifunza alama. Mkalimani anaondoka saa nane. Paredi ya jioni, foleni ya chakula, mpira, ugomvi wa ndoo, kengele ya dharura, stori za bwenini baada ya taa kuzimwa, huko kote hayupo. Shule yenye klabu ya lugha ya alama, hata mara moja kwa wiki, wakifundishwa na hao hao viziwi wa darasani siyo na mkalimani, ndani ya mwaka kuna vijana wanaweza kumwambia mwenzao "kengele imelia", "mwalimu kabadilisha chumba", "kesho hakuna jaribio". Na viziwi wanapewa heshima ya kuwa walimu. Mi nikiona kiziwi na asiye kiziwi wanagombana kwa alama uwanjani najua shule hiyo iko sawa.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ipo, Tanzania imeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, kwa hiyo mzazi ukiongea na shule au halmashauri usiongee kama unaomba msaada wa harusi. Andika barua, bakia na kopi, gonga mhuri wa kupokelewa. Wakati barua inatembea ofisini mtoto anasoma, ndo maana wengi bado wanachangia wenyewe, na mi siwezi kumwambia mzazi asubiri.

Malipo, nimalizie hapo maana ndo watu wanauliza mwishoni wakati ilitakiwa mwanzoni. Bei ni maelewano, inategemea mkoa na mtu. Lipia kwa kipindi, siyo kwa siku wala kwa mwezi wa jumla, na wazazi wenye watoto viziwi darasa moja mchange pamoja mpate wawili wanaopokezana badala ya kila mmoja kutafuta wa kwake. Kwenye makubaliano iandikwe muda wa maandalizi, mwalimu atoe mada za wiki ijayo Ijumaa, mkalimani asome wikendi, na muda huo ulipwe. Iandikwe kwamba hatasimamia darasa mwalimu akitoka, hatasahihisha, hatachapa mtu. Na siku mwalimu hajaja kabisa, kipindi kimekufa, mkalimani ameshapanda daladala mbili kufika pale, mlipeni.